Mti uliobaki umesimama

Mazungumzo ya redio juu ya maisha ya Plenty Coups, mkubwa wa kabila la Crow

 

Katika mazungumzo yetu juu ya amani tumezoea kusema habari za karibu: mashamba, ng'ombe, mipaka ya vijiji, watu waliokimbia na watu waliorudi. Leo tutakwenda mbali, ng'ambo ya bahari, mpaka Montana, jimbo la kaskazini-magharibi mwa Marekani, linalopakana na Kanada. Tutasema juu ya mtu aliyezaliwa karibu mwaka 1848 na kufa mwaka 1932. Wamarekani walimwita Plenty Coups. Alikuwa mkubwa wa kabila la Crow, moja la makabila ya wenyeji wa kwanza wa Amerika, wale ambao wengi wetu tulisoma habari zao shuleni kwa jina la Wahindi Wekundu.

Kwa nini tumemchagua yeye? Sababu mtu huyu aliona ulimwengu wa baba zake unakwisha mbele ya macho yake. Wanyama waliowalisha walikufa wote. Ardhi ikakatwa vipande. Magonjwa yakawamaliza watoto. Upande mmoja kulikuwa na majirani waliokuwa adui zao tangu zamani. Upande mwingine kulikuwa na wageni wenye bunduki, reli na sheria zilizoandikwa kwa lugha isiyojulikana. Swali lake lilikuwa hili: mtu mwenye nguvu kuliko wewe akifika, na jirani yako naye anataka kukuua, utaokoa watu wako namna gani? Jibu lake liliokoa mengi, lakini lilikuwa na bei. Leo tutasema yote mawili, maana habari ya amani isiyotaja bei yake ni hadithi ya kulaza watoto.

JINA NA HESHIMA

Kwanza tuseme juu ya jina. Wacrow wenyewe hujiita Apsáalooke, maana yake watoto wa ndege mwenye mdomo mkubwa. Wazungu walifasiri kwamba ndege huyo ni kunguru, na jina likabaki hivyo. Jina la mkubwa wetu katika lugha yake lilikuwa na maana ya mtu mwenye matendo mengi ya ushujaa. Wamarekani walipolifasiri walitumia neno la Kifaransa walilolikuta kwa wafanyabiashara wa ngozi waliotangulia huko: neno «coup», yaani pigo. Sisi wa Kongo neno hilo tunalijua sana. Tumelisikia katika «coup d'État», na kila tulipolisikia tulifunga milango.

Lakini kwa Wacrow lilikuwa na maana nyingine, na inafaa tuisikilize vizuri. Zamani kijana wa Crow hakuweza kuwa shefu kwa kuzaliwa tu, wala kwa kuua watu wengi. Alipaswa kutimiza matendo manne. Tendo la kwanza ni kumgusa adui katikati ya vita, kwa mkono au kwa fimbo. La pili ni kumnyang'anya adui silaha yake mkononi. La tatu ni kuingia usiku katika kambi ya adui na kumchukua farasi aliyefungwa karibu na hema ya mwenyewe. La nne ni kuongoza kikosi cha vita na kukirudisha nyumbani kwa ushindi.

Mmeona? Katika matendo hayo manne, hakuna hata moja linalosema «ua». Kumgusa adui aliye hai, ukamwacha akiwa hai, kulihesabiwa kuwa ushujaa mkubwa kuliko kumpiga risasi kutoka mbali. Hatusemi kwamba Wacrow hawakuua. Waliua, nao waliuawa. Tunasema kwamba kipimo cha heshima yao hakikuwa hesabu ya maiti. Kijana Plenty Coups alitimiza matendo yote manne, tena akayarudia mara nyingi, na alipofika karibu miaka 28 alikuwa amehesabiwa kati ya mashefu.

NDOTO YA MTOTO

Sasa turudi nyuma kidogo. Alipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kaka yake aliyempenda sana aliuawa na wapiganaji wa Lakota, kabila ambalo Wafaransa waliliita Sioux. Mtoto akajaa uchungu. Kwa desturi ya kwao, mtu mwenye uchungu alipanda mlimani peke yake, akafunga chakula na maji, akaomba aonyeshwe njia. Plenty Coups akapanda milima ambayo leo inaitwa Crazy Mountains.

Huko aliona ndoto, akaisimulia maisha yake yote. Aliona nyati wengi wasiohesabika wakitoka katika shimo la ardhi, wakatawanyika katika nchi yote. Kisha wakatoweka, asionekane hata mmoja. Baadaye katika shimo lile lile wakatoka wanyama wengine, wenye mabaka, wenye mkia na sauti ya namna nyingine. Hao walikuwa ng'ombe wa wazungu. Akaonyeshwa pia mzee mmoja ameketi chini ya miti, karibu na nyumba na chemchemi ya maji, akaambiwa kwamba mzee yule ni yeye mwenyewe.

Halafu akaona msitu mkubwa. Upepo wa pande zote nne ukaupiga, miti yote ikaanguka. Ukabaki mti mmoja tu umesimama. Katika mti ule alikaa ndege mdogo sana, mwenye kichwa cheusi, ndege anayejulikana kule kwa sauti yake ya kurudiarudia. Sauti ikamwambia mtoto: ndege huyu hana nguvu za mwili, lakini ana masikio. Husikiliza wengine wanaposema, hujifunza kwa waliofaulu na kwa walioanguka, wala hajiingizi katika mambo yasiyo yake. Ndiyo maana upepo haukumwangusha.

Mtoto akarudi nyumbani, wazee wakakutana kuisikiliza ndoto. Mzee mmoja jina lake Yellow Bear akaieleza. Alisema: katika maisha ya mtoto huyu nyati watakwisha, na wazungu watajaza nchi. Makabila yaliyopigana nao yamepigwa kama miti ile. Sisi tukitaka kubaki na nchi yetu, tuwe kama ndege yule: tusikilize, tujifunze, tusitupe nguvu zetu katika vita tusivyoweza kushinda.

Ndugu wasikilizaji, mtu anaweza kuamini ndoto au asiamini. Hilo si jambo letu leo. Jambo letu ni kwamba wazee wa kabila zima walikaa chini wakasikiliza maneno ya mtoto wa miaka tisa, wakayachukua kuwa shauri la kisiasa. Katika vijiji vyetu ni mara ngapi tunamwambia mtoto anyamaze sababu wakubwa wanasema?

JIRANI ADUI, MGENI RAFIKI

Wacrow walikuwa kabila dogo kati ya makabila makubwa. Ndui ilikuwa imewapunguza sana. Nchi yao, penye mito ya Yellowstone na Bighorn, ilikuwa na nyati wengi na majani mazuri, kwa hiyo kila mtu aliitamani. Mashariki waliwapo Walakota na rafiki zao Wacheyenne, kaskazini, Wablackfeet. Tusiwahukumu Walakota bila kufikiri. Wao pia walikuwa wakisukumwa kutoka mashariki, na walitafuta nyama kwa ajili ya watoto wao. Aliyesukumwa akamsukuma mwenzake. Jambo hilo sisi hatuhitaji kufundishwa.

Mwaka 1876 serikali ya Marekani ilipeleka askari dhidi ya Walakota na Wacheyenne. Wacrow wakaamua kuwasaidia askari. Plenty Coups alikuwa kati ya wapiganaji wapatao 175 wa Crow waliokwenda na Jenerali George Crook. Tarehe 17 Juni 1876, katika vita vya mto Rosebud, wapiganaji wa Crow na wa Shoshone walisaidia sana kuwaokoa askari hao wasiangamizwe. Siku nane baadaye, tarehe 25 Juni, kamanda George Custer alishambulia kambi kubwa ya Walakota na Wacheyenne kando ya mto Little Bighorn, akauawa pamoja na askari zaidi ya 200. Wacrow sita walikuwa wamemwongoza njia, na walikuwa wamemwonya kwamba kambi ile ni kubwa mno. Hakusikiliza. Waswahili husema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Custer alivunjika zaidi ya mguu.

Walakota walishinda siku ile, lakini vita kwa jumla walishindwa. Na hapa ndipo penye jeraha. Mpaka leo wako watu wanaouliza: Je, Plenty Coups hakuwasaidia wageni kuwapiga watu wa Amerika wenzake? Yeye alijibu waziwazi. Alisema Wacrow hawakufanya hivyo kwa kuwapenda wazungu, wala kwa kuwachukia tu Walakota. Walifanya hivyo sababu waliona ndiyo njia moja tu ya kuokoa nchi yao.

Tuna methali: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ajabu ni kwamba mwaka ule kabila lenye jina la kunguru halikufurahi. Crow, Lakota, Cheyenne, wote walikuwa panzi. Aliyefurahi alikuwa mwingine.

MIOYO ILIANGUKA

Sasa sikilizeni hesabu. Mwaka 1851, katika mapatano ya Fort Laramie, serikali ya Marekani ilikubali kwamba nchi ya Wacrow ni karibu hektari milioni 15. Hiyo ni kama Ubelgiji mara tano. Mwaka 1868, mapatano mengine: zikabaki hektari zaidi kidogo ya milioni 3, yaani Ubelgiji moja. Kisha mwaka 1882, tena 1891, tena 1904, nchi ikakatwa na kukatwa. Mwishoni ikabaki chini ya hektari milioni moja. Kumbukeni: hao ndio waliokuwa rafiki za serikali. Ndio waliopigana upande wake.

Nyati nao wakaisha. Wawindaji wazungu waliwaua kwa mamilioni kwa ajili ya ngozi, na ilipofika mwaka 1884 Wacrow hawakuwa tena na nyati wa kuwinda. Vita vya makabila vilikatazwa, na kuchukua farasi wa adui kukaitwa wizi. Kijana wa Crow angewezaje sasa kutimiza matendo manne? Angekuwaje mtu mzima? Mama angempikia nini mumewe anayerudi kutoka mawindoni, ikiwa hakuna tena mawindo?

Plenty Coups alipokuwa mzee alimsimulia maisha yake mwandishi Frank Linderman, naye akayachapisha kitabu mwaka 1930. Mzee alisema mengi juu ya ujana wake, lakini alipofika wakati nyati walipokwisha, alinyamaza. Alieleza tu kwamba mioyo ya watu wake ilianguka chini wasiweze kuiinua tena, na kwamba baada ya hapo halikutokea jambo lolote. Mwaka 2006 mwanafalsafa Jonathan Lear aliandika kitabu kizima akiuliza mzee alikuwa na maana gani. Maana baada ya hapo aliishi karibu miaka hamsini, akafanya mambo makubwa! Labda watu waliokaa katika kambi za wakimbizi wanaelewa upesi kuliko wanafalsafa. Siku zinapita, mtu anakula, analala, lakini maisha aliyoyajua, yale yaliyofanya tendo kuwa tendo, hayapo.

Katika hali kama hiyo vijana wanatafuta nabii wa vita. Mwaka 1887 akatokea kijana wa Crow aliyejulikana kwa jina la Sword Bearer, yaani mchukua upanga. Alisema ana nguvu za dawa, risasi za askari hazitamwingia. Alikwenda na wenzake kuchukua farasi kwa Wablackfeet, wakarudi kwa furaha, wakapiga risasi juu ya nyumba za ofisi ya serikali. Askari wakaitwa. Mashefu wengine, Plenty Coups akiwa kati yao, hawakukubali kabila zima livutwe katika vita. Mwezi wa Novemba askari na watu wa Sword Bearer wakapigana. Nabii akashindwa, kisha akauawa. Aliyempiga risasi alikuwa polisi wa kabila lake mwenyewe. Dawa za risasi, vijana wenye hasira, ndugu anayemwua ndugu: hatuna haja ya kuongeza neno.

VITA VYA MANENO

Plenty Coups alifanya nini badala yake? Alijenga nyumba ya magogo huko Pryor, penye chemchemi na miti, mahali alipoamini ndipo alipopaona katika ndoto. Akalima. Akafungua duka dogo. Aliwaonyesha watu wake kwamba mwanamume anaweza kushika jembe na abaki mwanamume.

Na alianza safari. Mara ya kwanza alikwenda Washington mwaka 1880, pamoja na mashefu wengine kama Pretty Eagle na Medicine Crow, sababu serikali ilitaka ardhi yao na reli ilitaka kupita. Baada ya hapo alikwenda mara nyingi. Hakujua kusoma, na alitumia mkalimani. Lakini alikuwa amejifunza namna ya wazungu: nani anaamua, nani anapiga kelele tu, karatasi gani ina nguvu. Ndege mdogo alikuwa anasikiliza.

Aliwaambia vijana wasome. Alisema kwamba ukiwa na elimu uko sawa na mzungu, na bila elimu yeye atakufanya utakavyofanywa. Tusifiche kwamba shule za wakati ule zilikuwa pia na ubaya. Watoto walichukuliwa mbali na wazazi, wakakatwa nywele, wakaadhibiwa kwa kusema lugha yao. Lakini kati ya watoto hao alitoka kijana mmoja, Robert Yellowtail, aliyezaliwa mwaka 1889. Yeye alisoma mpaka akajua sheria za Marekani vizuri kuliko wengi waliozitunga.

Hapo ndipo vita kubwa ilipopiganwa. Seneta Thomas Walsh wa Montana alitaka ardhi ya Wacrow ifunguliwe kwa wazungu walowezi. Kwa miaka kadhaa, mpaka 1919, Plenty Coups na wenzake walikwenda Washington kupinga. Tazama picha hii: mzee wa miaka sabini, nywele ndefu zimesukwa, asiyejua Kiingereza, na karibu naye kijana aliyevaa suti, mwenye vitabu vya sheria. Mzee alikuwa na heshima na kumbukumbu. Kijana alikuwa na lugha na kifungu. Hakuna aliyesema mwenzake hana maana. Walisema kwa sauti moja.

Mwaka 1920 ilitoka sheria mpya juu ya Wacrow. Ardhi haikufunguliwa kwa walowezi kama seneta alivyotaka. Iligawanywa kati ya Wacrow wenyewe. Ulikuwa ushindi, lakini ushindi wenye matundu. Sheria ilikataza mtu mmoja kujirundikia ardhi kubwa mno, lakini kifungu hicho hakikuheshimiwa, na wafugaji matajiri walizidi kukodi na kununua. Kwa hiyo hatusemi kwamba maneno yalimaliza tatizo. Tunasema kwamba bila maneno yale leo kusingekuwa na tatizo la kuzungumza, sababu kusingekuwa na ardhi.

SIKU YA ARLINGTON

Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, maelfu ya vijana wa makabila ya wenyeji walipigana Ulaya katika jeshi la Marekani. Wengi wao hawakuwa hata raia. Sheria ya kuwapa wote uraia ilitoka mwaka 1924. Tarehe 11 Novemba 1921, huko Arlington karibu na Washington, Wamarekani walimzika askari mmoja asiyejulikana jina, aliyeletwa kutoka Ufaransa, awe alama ya wote waliokufa. Rais Warren Harding aliongoza. Walikuwapo wakubwa wa nchi nyingi: Ferdinand Foch wa Ufaransa, na kwa Ubelgiji Jenerali Jacques, yule yule aliyeanzisha kituo cha Albertville kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1891. Siku ile Jenerali Jacques alivua nishani kifuani mwake mwenyewe akaiweka kwa marehemu. Wasikilizaji wetu wa Kalemie, ambao mji wao ulibeba jina la kituo hicho, wataona jinsi dunia ilivyo ndogo.

Na kwa makabila yote ya wenyeji wa Amerika alichaguliwa mtu mmoja: Plenty Coups. Mzee akasogea. Akavua kofia yake ya vita, ya manyoya ya tai, akaiweka juu ya kaburi pamoja na fimbo yake ya kugusia adui. Akasema maneno machache kwa Kicrow. Aliomba kwamba hawa waliokufa wasiwe wamekufa bure, na kwamba amani ifike kwa watu wote.

Fikirini alichokiweka pale. Kofia ile na fimbo ile vilikuwa cheti chake cha utu uzima, heshima yote ya ujana wake. Shujaa haviachi hovyo. Yeye aliviacha mbele ya serikali iliyoikata nchi yake, juu ya mwili wa askari asiyemjua. Alikuwa kama mtu anayesema: wakati wa vitu hivi umekwisha kwangu, na ninyi, wenye mizinga, lini wenu utakwisha? Vitu hivyo vimehifadhiwa Arlington mpaka leo. Mwezi wa Novemba 2021, miaka 100 ilipotimia na watu wa kawaida wakaruhusiwa kukaribia kaburi lile, wajumbe wa Crow ndio waliotangulia kuweka maua.

URITHI

Mwaka 1928 Plenty Coups na mke wake, Strikes the Iron, walitoa nyumba yao na sehemu ya ardhi iwe bustani ya watu wote. Alikuwa ameitembelea nyumba ya George Washington, akaona jinsi Wamarekani walivyoitunza na kuifungua kwa kila mtu. Akataka iwe hivyo kwake. Alisema bustani hiyo isiwe ukumbusho wake yeye, iwe ukumbusho wa taifa la Crow na alama ya urafiki kwa watu wote, wekundu na weupe. Mtu aliyenyang'anywa ardhi maisha yake yote, mwishoni akatoa ardhi. Leo ni bustani ya jimbo la Montana, na kaburi lake liko hapo. Baada yake Wacrow hawakumweka mtu mwingine katika cheo chake. Sasa wanachagua viongozi kwa kura.

Robert Yellowtail, yule kijana wa sheria, mwaka 1934 akawa Mcrow wa kwanza kuongoza ofisi ya serikali katika nchi ya kabila lake. Katika miaka hiyo ya 1930 aliwarudisha nyati katika milima ya Bighorn. Mwaka 1980 Wacrow walianzisha chuo chao wenyewe, Little Big Horn College. Kabila lina watu zaidi ya elfu kumi, na nchi yao ndiyo kubwa kuliko zote zilizobaki kwa makabila ya wenyeji katika Montana. Umaskini upo, na maneno juu ya ardhi, maji na makaa ya mawe hayajaisha. Lakini wako kwao. Tena kila mwezi wa Agosti, katika sikukuu yao kubwa iliyoanza mwaka 1904, makabila mengi huja kupiga hema pamoja nao. Wacheyenne na Walakota, adui wa zamani, huja pia na kucheza ngoma.

Tumalize na mtu mmoja. Joe Medicine Crow alizaliwa mwaka 1913. Mwaka 1939 alipata shahada ya juu ya chuo kikuu, Mcrow wa kwanza kuipata. Katika vita vya pili vya dunia alikuwa askari huko Ujerumani, na bila kupanga akatimiza matendo manne ya zamani: akaongoza kikosi, akachukua farasi wa maofisa wa adui, akamnyang'anya adui silaha. Tena alipigana kwa mikono na askari kijana wa Kijerumani. Alikuwa amemshika koo. Kijana yule akalia akimwita mama yake. Medicine Crow akamwachia. Alikuwa amemgusa adui, ilitosha. Alirudi nyumbani, akawa mwanahistoria wa kabila, mwaka 2009 akapewa nishani na Rais Barack Obama, akafa mwaka 2016 akiwa na miaka 102. Elimu ambayo Plenty Coups aliihubiri, na heshima ya zamani isiyohesabu maiti, vilikutana katika mtu mmoja.

TUSHIKE NENO GANI?

Ndugu wasikilizaji, Marekani si Kongo, na hatukuja kuwaambia kwamba mambo yote yanafanana. Tushike neno moja tu. Kusikiliza si kukubali. Ndege mdogo hakusikiliza ili awe mtumwa wa upepo. Alisikiliza ili mti wake usianguke. Plenty Coups alimsikiliza mzungu miaka hamsini, na kila mzungu alipotaka ardhi, alimkuta mlangoni amesimama, anajua sheria, anajua la kujibu. Amani ya namna hiyo inachosha kuliko vita. Haina ngoma, na ushindi wake ni wa nusu nusu.

Wala tusisahau bei. Msitu ulianguka. Walakota walibaki na uchungu wa mwaka 1876, na Wacrow walilipwa urafiki wao kwa kukatiwa nchi. Kama makabila yale yangesikilizana wenyewe kwa wenyewe kabla mgeni hajafika, pengine ingebaki miti mingi. Jambo hilo Plenty Coups hakuliweza. Limebaki kazi ya walio hai.

Katika vikundi vyenu vya kusikiliza redio, zungumzeni juu ya maswali haya:

1. Katika kijiji chetu, heshima ya kijana inapimwa kwa nini? Tungeweza kuipima kwa kitu gani kingine?
2. Mzee mwenye kumbukumbu na kijana mwenye masomo wanasaidiana namna gani katika maneno ya ardhi hapa kwetu?
3. Plenty Coups alishirikiana na mgeni dhidi ya jirani. Je, kulikuwa na njia nyingine? Na sisi, jirani gani hatujamsikiliza bado?